Chipsi, samli na kitambi: Mafuta yapi yanakujenga, yapi yanakumaliza?

Wiki hii naomba tuyaweke kando kidogo mambo ya mapenzi na mitindo, tuingie jikoni. Najua masela wa kijiweni watasema, "Huyu naye kaishiwa, sasa anatuletea sayansi kimu." Sawa, semeni. Lakini haya ninayoyaandika yametokea ndani ya nyumba yetu, na nusura tumpoteze mtoto huku tukidhani tunamwokoa mtu mzima.

Ilikuwa hivi. Baba yetu mdogo, mtu wa miaka 49, mtani wa mtaa mzima, alianguka bafuni asubuhi moja kabla hajaenda kazini. Kiharusi. Mkono wa kulia ukalegea, mdomo ukaenda upande, maneno yakawa hayatoki. Tulimkimbiza hospitali kwa bajaji, mimi nimemshika kiuno, dada anapiga kelele barabarani magari yatupishe. Mungu mkubwa, alipona. Lakini si kupona kule kwa kurudi kama zamani. Mpaka leo anatembea na fimbo, na kikombe cha chai anakishika kwa mkono wa kushoto.

Daktari alitueleza mengi siku ile. Alitaja presha, alitaja sigara, alitaja lehemu ile inayoganda kwenye mishipa ya damu (wengine mnaiita kolestro), akataja na chumvi. Mama mkubwa, ambaye ndiye kamanda wa nyumba yetu, katika yote hayo alisikia neno moja tu: mafuta. Aliporudi nyumbani alifanya msako. Dumu la mafuta ya kupikia likaenda kwa jirani. Nazi marufuku. Karanga marufuku. Siagi ya kopo ikatupwa. Hata parachichi niliyonunua kwa hela yangu mwenyewe iliulizwa inatafuta nini mezani. Kuanzia siku hiyo tukawa watu wa kuchemsha: mchicha wa kuchemsha, samaki wa kuchemsha, maharage ya kuchemsha. Cha ajabu ni kwamba chumvi, ambayo kwenye presha ndiyo mnyapara mkuu, ilibaki pale pale kwenye kikopo chake na tukaizidisha ili chakula kipande!

Tungeishia kulalamika midomo tu, yasingekuwa na neno. Tatizo, ndani ya nyumba kulikuwa na mtoto wa dada, miezi minane, ndiyo kwanza anazoea uji. Na yeye akaingizwa kwenye sheria. Uji wake ukawa maji, unga wa mahindi na sukari kidogo. Zamani ulikuwa unatiwa karanga za kusaga au kijiko cha siagi. Miezi miwili ikapita. Dada akaenda kliniki, mtoto akawekwa kwenye mzani, nesi akachora nukta kwenye kadi, akanyamaza. Ule mstari uliokuwa unapanda vizuri ulikuwa umelala, halafu ukaanza kushuka.

"Mama, huu uji wake unamtilia nini?"

"Unga, sukari na maji, dada."

"Mafuta je? Karanga?"

"Nyumbani hatutumii mafuta. Tuna mgonjwa wa kiharusi."

Nesi akamtazama. "Sasa mgonjwa wa kiharusi ni huyu?"

Dada alirudi analia. Na mimi, ambaye cheti changu cha kidato cha nne kina D ya baiolojia, nikaona hapa kuna soo. Nikaanza kutafuta. Nilimsumbua yule nesi, nikamsumbua mshikaji wangu anayesomea lishe, nikafukua na daftari langu la shule. Haya ndiyo niliyoyakuta.

MTOTO ANATAKA NINI KWENYE MAFUTA?

Kwanza nguvu. Gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9. Gramu moja ya wanga, au ya protini, inatoa kalori 4 tu. Sasa piga picha ya mtoto mchanga: tumbo lake ni dogo, uji mwepesi umejaa maji, anashiba kabla hajapata cha maana. Ukitia kijiko kimoja cha chai cha mafuta kwenye bakuli lake umemwongezea kalori kama 40, na bakuli halijaongezeka ukubwa. Hata maziwa ya mama yenyewe, karibu nusu ya nguvu yake inatoka kwenye mafuta. Aliyeyatengeneza hakukosea hesabu.

Pili ubongo. Ukiukausha ubongo maji yote ukaupima, zaidi ya nusu ya kinachobaki ni mafuta. Na miaka miwili ya mwanzo ndiyo wakati ubongo unakua mbio kuliko wakati mwingine wowote. Kuna mafuta mawili ambayo mwili hauwezi kujitengenezea hata ufanyeje, ni lazima uyale: la jamii ya omega 3 na la jamii ya omega 6. Hili la pili halina shida sana, liko kwenye alizeti, mahindi, ufuta na soya. La kwanza ndilo linalokimbia, na kwa bahati nzuri linapatikana kwa wingi kwenye samaki wenye mafuta, kama dagaa na vibua. Ndiyo, dagaa hao hao ambao mademu wa mjini wanawaficha kwenye mfuko mweusi wakitoka sokoni.

Tatu ni vitamini. Vitamini A, D, E na K hazipandi maji, zinasafiri kwa mafuta. Ukila mchicha mkavu wa kuchemsha, ile karotini inayogeuka kuwa vitamini A nyingi inapita tu tumboni kama abiria asiye na nauli. Bibi zetu hawakusoma haya popote, lakini angalia walivyopika: mchicha wa nazi, kisamvu cha karanga, mlenda wa karanga. Watu wa Kigoma nao wana mawese yao mekundu, na ule wekundu ndiyo karotini yenyewe. Yakishasafishwa kiwandani yakawa ya njano yenye kung'aa, karotini huwa imeondoka. Ndiyo maana Tanzania ilizindua mwaka 2013 mpango wa kuongeza virutubishi kwenye vyakula vya viwandani, na mafuta ya kula yakapangiwa kuwekewa vitamini A.

Na kuna hili la nne, wasichana mnisikilize. Homoni zinazomfanya mvulana aote ndevu na msichana apate siku zake zinatengenezwa kutokana na lehemu, hiyo hiyo tunayoitukana. Msichana akijinyima mpaka mafuta ya mwili yakapungua kupita kiasi, siku zake zinaweza kukatika. Ninamfahamu mmoja aliyejifungia na maji na matofaa wiki sita ili aingie kwenye gauni la harusi ya rafiki yake. Gauni liliingia, ndiyo, lakini alianguka ukumbini kabla keki haijakatwa. Kasheshe lake mliosikia mlisikia.

YANAYOGANDA NA YASIYOGANDA

Sasa si mafuta yote ni ndugu. Wataalamu wana majina marefu, lakini sisi wa mtaani tunaweza kuanzia na sufuria. Pika supu ya ng'ombe, iache usiku kucha mahali pa baridi. Asubuhi utakuta juu kuna tabaka jeupe, gumu kama mshumaa. Hayo ndiyo mafuta yanayoganda (si yale ya mgando ya kujipaka, tusichanganye mada). Yanaganda kwa sababu mnyororo wake umeshiba haidrojeni pande zote, umenyooka, kwa hiyo yanapangana vizuri kama abiria wa mwendokasi saa kumi na mbili asubuhi. Ya alizeti mnyororo wake umepinda hapa na pale, hayawezi kubanana, yanabaki maji.

Kipimo hiki kina kasoro moja. Mafuta ya nazi yanayeyuka kwenye nyuzi joto kama 24 au 25, kwa hiyo hapa Dar unayaona maji maji unadhani ni laini. Yapeleke Njombe mwezi wa saba uone kama hujayachota kwa kijiko. Nazi ndiyo kinara: katika kila gramu 100 za mafuta yake, karibu 90 ni ya kuganda. Mawese ni kama nusu kwa nusu, na mafuta ya ng'ombe nayo yako maeneo hayo hayo. Samli na siagi ya maziwa yanapita nusu. Alizeti ni kama 11 tu katika 100. Karanga, korosho na parachichi ziko upande wa laini pia, na mafuta yake mengi ni ya jamii ile ya mafuta ya zeituni ambayo Wagiriki na Waitaliano wanaringia.

Kwa nini tujali kuganda? Lehemu haiyeyuki kwenye damu, lazima ibebwe. Inabebwa na magari ya aina mbili. Moja linatoka nayo kwenye ini kuisambaza, na likizidi linaimwaga kwenye kuta za mishipa, hiyo ndiyo inaitwa lehemu mbaya. Jingine ni kama gari la taka, linaizoa na kuirudisha kwenye ini, hiyo ndiyo nzuri. Mafuta yanayoganda yakizidi yanaongeza yale magari ya kumwaga. Mshipa unapungua upana mwaka hadi mwaka, wewe huna habari, unacheza mpira, unapiga soga, mpaka siku donge linaziba. Likiziba kwenye moyo ni moyo. Likiziba kichwani ni kama baba mdogo.

Mnaodhani haya ni maneno ya vitabuni, sikilizeni ya Mauritius. Mwaka 1987 serikali ya kisiwa hicho ilibadilisha yale mafuta ya kupikia ya bei nafuu yaliyokuwa yakitumiwa na wananchi wengi. Yalikuwa ya mawese kwa sehemu kubwa, wakaweka ya soya. Mwaka 1992 watu walipopimwa tena, wastani wa lehemu kwenye damu ulikuwa umeshuka kutoka 5.5 hadi 4.7. Ni kweli walikuwa wanahimizwa pia kufanya mazoezi na kupunguza sigara na pombe, lakini wataalamu waliona kuwa sehemu kubwa ilitokana na lile dumu jikoni.

Hapo kijiweni pana mbishi mmoja, kila nikieleza anarukia: "Mbona Wamasai wanakula nyama na maziwa na hawaugui moyo?" Swali zuri, na si yeye wa kwanza kuuliza. Miaka ya 1960 Mmarekani mmoja, George Mann, alikuja kuwapima Wamasai. Akakuta lehemu yao iko chini na magonjwa ya moyo ni haba. Mwaka 1972 yeye na wenzake wakatoa taarifa ya uchunguzi wa mioyo ya wanaume 50 wa Kimasai waliofariki. Kumbe mafuta kwenye kuta za mishipa yalikuwemo! Ila mishipa yenyewe ilikuwa imepanuka, damu inapita bila shida. Wakaona kwamba ule mwendo wa kutembea kutwa nyuma ya ng'ombe umewasaidia. Sasa wewe mbishi, kutoka kitandani hadi kwenye bodaboda ni hatua ngapi?

YALE MABAYA KULIKO YOTE

Kuna aina ya tatu, na hii imetengenezwa na binadamu. Mwaka 1901 mkemia wa Kijerumani, Wilhelm Normann, aligundua namna ya kupitisha haidrojeni kwenye mafuta ya maji yakawa magumu. Viwanda vikafurahi. Mafuta ya bei rahisi yakawa yanaganda kama siagi, hayaozi haraka, yanakaa dukani miezi. Mwaka 1911 kule Marekani yakaanza kuuzwa mafuta ya kopo ya mbegu za pamba yanayoitwa Crisco, na dunia nzima ikafuata.

Shida ni kwamba ukiishia njiani, haidrojeni ikaingia nusu nusu, unapata kitu kinaitwa mafuta ya transi. Haya ni noma. Yanaongeza lehemu mbaya na papo hapo yanapunguza ile nzuri, maana yake yanaongeza wamwagaji na kuwafukuza wazoaji. Denmark ilikuwa nchi ya kwanza kuyabana kisheria, mwaka 2003. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilizitaka nchi zote ziyaondoe kabisa kwenye vyakula vya viwandani. Ukinunua biskuti, keki au siagi ngumu ya kopo, soma ule mwandiko mdogo nyuma. Ukikuta maneno ya Kiingereza yanayosema mafuta hayo yametiwa haidrojeni nusu, rudisha kwenye rafu bila aibu.

NA CHIPSI JE?

Nilijua mnasubiri hapa. Gramu 100 za chipsi zina mafuta kama gramu 15, kwa hiyo sahani iliyoshiba ya gramu 300 ina gramu 45. Mtu anayehitaji kalori 2,000 kwa siku anashauriwa mafuta yasizidi asilimia 30 ya kalori hizo, yaani gramu kama 66, na humo ndani zimo za nyama, za maziwa, za karanga na za maandazi ya asubuhi. Sahani moja imekula zaidi ya nusu ya bajeti, na hapo hujaongeza mayai wala mishikaki.

Lakini mimi sina ugomvi na chipsi yenyewe kama nilivyo na ugomvi na lile karai. Mafuta yakichemshwa, yakapoa, yakachemshwa tena kutwa nzima siku tatu, yanavunjikavunjika na kuzaa vitu ambavyo mwili hauvitaki. Unayajua kwa macho: yamekuwa meusi kama kahawa, mazito, yanatoa povu, yanatoa moshi mapema na ile harufu inayowasha macho. Nilimuuliza mkaanga chipsi wa mtaani kwetu anabadilisha lini mafuta. Akacheka, "Kaka, mafuta hayabadilishwi, yanaongezewa." Alikuwa mkweli, na kwa sababu ya ukweli wake nimeendelea kumsalimia, ila sinunui. Mwaka 2014 kule Kenya zilitoka habari nzito zaidi, kwamba wezi walikuwa wanafyonza mafuta ya transfoma za umeme na kuyauza kwa wakaanga vyakula, kwa kuwa hayaishi haraka kwenye moto. Hayo si chakula kwa hesabu yoyote ile.

Na tusilaumiane sana. Mwaka 2022 bei ya mafuta ilipopaa tuliona wenyewe dumu la lita tano linavyogeuka kuwa mali ya kufungiwa kabatini. Mwenye karai alikuwa anabana ili watoto wake wale.

TULIVYOMALIZANA NA MAMA MKUBWA

Nilipomaliza uchunguzi wangu nilimwendea mama mkubwa na karatasi yangu. Hakukubali. Alisema mimi ni mtoto wa juzi, na kwamba yeye ndiye aliyemwosha baba mdogo miguu hospitalini. Hilo sikuwa na jibu lake. Aliyemgeuza ni baba mdogo mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kiti chake pale ukumbini, maneno yake siku hizi yanatoka polepole, akasema: "Shemeji, mimi nilivuta sigara miaka 25. Mtoto hajavuta hata moja."

Jumatatu yake dumu dogo la alizeti liliingia nyumbani. Mama mkubwa anapima kwa kijiko cha mezani, vijiko vitatu sufuria nzima ya mboga, na kijiko anakiosha mwenyewe. Tui la nazi limerudi Ijumaa tu, jepesi. Dagaa mara tatu kwa wiki. Chumvi imepunguzwa na imehamishiwa rafu ya juu ambako mimi tu ndiye ninayefika. Uji wa mtoto unatiwa karanga za kusaga kila asubuhi, na jioni kijiko cha chai cha mafuta, kama nesi alivyoelekeza.

Wiki mbili zilizopita nilimsindikiza dada kliniki. Mtoto alilia kwenye mzani kama anaibiwa. Nesi akachora nukta, akaiunga na ya mwezi uliopita, akatugeuzia kadi tuone. Mstari unapanda. Dada aliipiga picha ile kadi kwa simu, akamtumia mama mkubwa, na tulipofika nyumbani tukamkuta ameshamwonyesha kila jirani, pamoja na yule aliyechukua dumu letu la kwanza. Hajalirudisha mpaka leo.